Kufungua vitabu vya ubia: mashine, mbao na gari la mkopo viingie kwa thamani ipi?

MwenyeLeja

Wakuu, habari za kazi.

Naomba msaada wa kufungua vitabu vya ubia mpya. Wabia ni watatu, karakana ya samani iko Keko, Dar es Salaam. Jina la biashara limesajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) ya ubia imetoka, akaunti ya benki ipo. Tarehe ya kuanza ni 1 Julai. Hati ya ubia wameshasaini, ila kwenye mtaji imeandikwa tu "kila mbia atachangia kama walivyokubaliana", na faida na hasara ni sawa kwa sawa. Walicholeta ni hiki:

Mbia A: fedha 15,000,000.

Mbia B: randa moja na mashine ya kupasulia. Alizinunua 2021 kwa 14,000,000. Kwenye vitabu vyake vya zamani, baada ya kutoa uchakavu, zimebaki 6,200,000. Sokoni leo, kwa hali zilivyo, ni 8,500,000. Ameleta pia mbao za mninga vipande 80, alizonunua kwa 5,400,000 na leo zinauzwa 6,000,000. Halafu kuna wateja wake wawili wanaodaiwa: mmoja 1,800,000 ya mwezi uliopita, mwingine 600,000 iliyopita mwaka.

Mbia C: Kirikuu ya kubebea mzigo, sokoni 9,000,000, lakini ina mkopo. Yamebaki marejesho 12 ya 345,000 kwa mwezi. C ndiye fundi mkuu, na anataka ufundi wake nao uandikwe mtaji wa 5,000,000.

Mashine niziingize kwa thamani ipi kati ya hizo tatu? Mkopo wa gari niuandikeje? Na ufundi unaingiaje kwenye leja?

---

Mizania

Mkuu, kuandika maingizo yenyewe ni kazi ya nusu saa. Kinachokukwamisha ni lile neno "kama walivyokubaliana" ambalo halina tarakimu. Usifungue kitabu mpaka wabia wote watatu wasaini karatasi moja yenye thamani ya kila kitu. Leja yako inanakili makubaliano yao. Ukikadiria wewe, siku wakigombana utakuwa wewe ndiye uliyewagawia mtaji.

Mashine ziingie kwa thamani waliyokubaliana kwa tarehe ya kuzikabidhi, yaani hiyo 8,500,000 ya soko. Zile 14,000,000 za 2021 na zile 6,200,000 ni habari za vitabu vya B, na vitabu vya B si vitabu vya ubia. Ubia umezipata mashine tarehe 1 Julai, hivyo kwake hiyo ndiyo gharama ya kuanzia. Uchakavu wa zamani hauhamishwi. Usiandike 14,000,000 halafu ukatoa uchakavu uliolimbikizwa wa 7,800,000. Andika 8,500,000 safi, uchakavu uanze upya kutoka hapo kwa umri uliobaki wa mashine.

Angalia kwa nini jambo hili ni la pesa za watu, si la mtindo wa uandishi. Tuseme B amewasihi wenzake mpaka mashine zikaingia kwa 14,000,000. Mtaji wake umepanda kwa 5,500,000 zaidi ya alicholeta. Mwaka ujao mashine zikiuzwa kwa 8,500,000, panatokea hasara ya 5,500,000 na hati inasema hasara ni sawa kwa sawa. Kila mbia anakatwa 1,833,333. B amepewa 5,500,000 na kukatwa 1,833,333, hivyo amebaki na 3,666,667 zilizotoka mifukoni mwa A na C bila mtu kuiba kitu.

Geuza upande wa pili. Ukiingiza kwa 6,200,000 na zikauzwa 8,500,000, faida ya 2,300,000 inagawanywa kwa watatu. B anapata 766,667 na kupoteza 1,533,333 iliyokuwa yake kabla ya ubia kuzaliwa. Kosa la thamani siku ya kwanza halipotei. Linakaa kwenye mtaji likisubiri mali iuzwe au mbia atoke.

Mkopo wa gari: kinachohesabiwa deni ni mkopo wenyewe uliobaki, si jumla ya marejesho. 345,000 mara 12 ni 4,140,000, na ndani yake kuna riba ya miezi ambayo haijafika. Riba hiyo itakuwa gharama ya ubia kila mwezi ukifika. C aombe barua ya salio kutoka kwa mkopeshaji, ya tarehe 30 Juni au 1 Julai, inayotenganisha mkopo na riba. Tuseme barua inasema mkopo uliobaki ni 3,600,000. Basi mtaji wa C kwa gari ni 9,000,000 kutoa 3,600,000, sawa na 5,400,000.

Wadaiwa: waingize wote kwa kiasi kamili cha 2,400,000, kisha uweke fungu la madeni yenye mashaka (kiasi kinachotengwa kwa deni ambalo huenda lisilipwe) la 600,000. Mtaji wa B unahesabu 1,800,000 tu. Kwa mashine nimekwambia usilete uchakavu wa zamani, kwa wadaiwa naleta fungu. Sababu ni kwamba mteja yule bado anadaiwa 600,000 kamili na utamdai kamili. Mashine haidaiwi na mtu.

Maingizo ya jarida (kitabu cha kuandikia miamala kabla ya leja), 1 Julai, yawe matatu, la kila mbia peke yake:

Ingizo la 1
Debiti Benki 15,000,000
Krediti Mtaji wa A 15,000,000

Ingizo la 2
Debiti Mashine 8,500,000
Debiti Stoki ya mbao 6,000,000
Debiti Wadaiwa 2,400,000
Krediti Fungu la madeni yenye mashaka 600,000
Krediti Mtaji wa B 16,300,000

Ingizo la 3
Debiti Gari 9,000,000
Krediti Mkopo wa gari 3,600,000
Krediti Mtaji wa C 5,400,000

Jumla ya mitaji ni 36,700,000. Mali baada ya kutoa fungu ni 40,300,000, toa mkopo 3,600,000, unarudi pale pale. Chini ya kila ingizo andika maelezo: "Mchango wa mbia B kwa mujibu wa karatasi ya thamani iliyosainiwa tarehe fulani." Ingizo la mtaji lisilo na maelezo halimsaidii mtu baada ya miaka mitatu.

---

HesabuZaMtaa

Mkuu Mizania, umeeleza vizuri, ila kwenye mbao sikubaliani. Stoki huandikwa kwa gharama au kwa thamani ya kuuzia, ile iliyo ndogo. Gharama ni 5,400,000. Ukiandika 6,000,000 umeingiza faida ambayo haijauzwa.

---

Mizania

@HesabuZaMtaa kanuni unayoitaja ni sahihi, ila jiulize ni gharama ya nani. 5,400,000 ni gharama ya B. Ubia haukununua mbao kwa bei hiyo. Ulizipata kwa kumpa B mtaji wa 6,000,000, na hiyo ndiyo gharama ya ubia. Kanuni yako inaanza kazi baada ya hapo: 31 Desemba ukikuta zile mbao zilizobaki bei yake imeshuka chini ya gharama hiyo ya 6,000,000, unazishusha.

Ukiandika 5,400,000, ile 600,000 ya kupanda kwa bei, iliyotokea mbao zikiwa stoo kwa B, itajitokeza kama faida ya karakana na kugawanywa kwa watatu. B atakuwa amewapa wenzake 400,000 bila kujua.

Hapo ulipo sahihi ni jambo moja: hiyo 6,000,000 iwe bei ambayo ubia ungezinunulia mbao hizo leo kwa muuza mbao, si bei ambayo karakana ingeziuza rejareja. Vipande 80 kwa 75,000 kila kimoja ndiyo 6,000,000. Waende kwa wauza mbao wawili au watatu, waulize bei ya kipande cha vipimo vile vile, unene, upana na urefu, halafu waiandike.

---

HesabuZaMtaa

Nimekuelewa, mkuu. Gharama ya ubia, si ya B. Naliondoa pingamizi.

---

KaratasiKwanza

Naongezea upande wa makaratasi, kwa sababu ingizo la debiti kwenye gari halilifanyi gari kuwa la ubia.

Karatasi ya thamani aliyoitaja Mizania iwe na safu hizi: jina la mali, namba ya utambulisho, hali ilivyo siku ya kukabidhi, thamani imepatikanaje, kiasi kilichokubaliwa, na tarehe ya kukabidhi. Chini wasaini wabia wote watatu, si yule aliyeleta peke yake. Kwa randa andika namba iliyogongwa kwenye kibati, nguvu ya mota, upana wa meza, na kama ni ya fezi moja au tatu. Iwasheni mbele ya wote. Randa yenye beringi zinazolia, au inayoacha mawimbi kwenye ubao kwa sababu shafti ya visu imechoka, si randa ya bei ile ile. Gharama ya kutengeneza ikatwe kwenye thamani kabla ya kusaini, maana ukishasaini inakuwa gharama ya wote.

Gari: namba ya usajili, namba ya chesisi, kilomita zilizosomeka siku hiyo. Gari la mkopo kwa kawaida kadi inashikiliwa na mkopeshaji au jina lake limo kwenye kadi, kwa hiyo C hawezi kulihamishia kwenye TIN ya ubia kabla mkopeshaji hajaridhia kwa maandishi. Hapa kuna njia mbili na lazima wachague moja. Njia ya kwanza, mkopeshaji anakubali ubia uendelee kulipa. Ingizo la Mizania linasimama kama lilivyo. Njia ya pili, mkopeshaji anakataa. Basi mpaka deni liishe gari ni la C, na ubia unalitumia kwa makubaliano, ama kwa kumlipa kodi ya gari ama bure. Kwa njia ya pili usiandike gari kwenye mali za ubia hata kama limepaki karakanani kila siku.

Kuna watu hufanya njia ya tatu ambayo naipinga kabisa: wanaandika gari 9,000,000 na mtaji wa C 9,000,000, kisha C anaahidi kulipa mkopo kutoka mfukoni kwake. Akikwama marejesho mawili, gari linakamatwa, ubia unapoteza mali ya 9,000,000, na C bado anasoma mtaji wa 9,000,000 kwenye leja. Wakilazimika kwenda njia hiyo, hati iseme wazi kwamba gari likikamatwa thamani yake yote inatolewa kwenye mtaji wa C.

Bima ya gari nayo ibadilishwe. Sera ikibaki kwa jina la C huku gari likiwa la ubia, siku ya ajali kampuni ya bima itauliza mwenye mali ni nani.

Mbao za mninga: B aje na hati ya kusafirishia mazao ya misitu iliyotolewa na TFS (wakala wa misitu Tanzania) na risiti ya ununuzi, na mbao ziwe na alama ya nyundo. Mbao zisizo na karatasi zinaweza kutaifishwa kwenye ukaguzi. Hapo stoki ya 6,000,000 inakuwa hasara ya wote watatu ilhali mtaji wa B umebaki mzima.

Karatasi zote hizo zifungwe faili moja na hati ya ubia. Sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka 5, lakini karatasi ya thamani itunzeni muda wote ubia ukiwa hai, kwa sababu itahitajika siku mbia anatoka.

---

MwenyeLeja

Wakuu, asanteni sana. Nimekaa na wabia, na yamejitokeza mapya.

Kwanza, taarifa ya benki inaonyesha A ameweka 14,150,000, si 15,000,000. Anasema 850,000 alishaitumia kabla akaunti haijafunguliwa: 600,000 kwa fundi aliyejenga msingi wa zege wa kufungia mashine na kuvuta nyaya za fezi tatu hadi kwenye mashine, na 250,000 kwa usajili na kuandikisha hati. Risiti anazo.

Pili, banda liko kwenye kiwanja cha B. Anauliza kiwanja nacho kiingie kwenye mtaji wake?

Tatu, mkopeshaji amekubali kwa barua. Mkopo uliobaki ni 3,600,000 kama mlivyokisia. Riba ni ya kiasi kimoja kila mwezi.

Kwenye ufundi bado wanavutana.

---

Mizania

La kwanza: madai ya A ni halali, mradi wenzake wameyakubali na risiti zipo, lakini usiandike benki 15,000,000. Benki uliyoandika ikitofautiana na taarifa ya benki kwa 850,000 siku ya kwanza, usuluhishi wa benki (kulinganisha leja na taarifa ya benki) utakusumbua kila mwezi. Zile 600,000 ni gharama ya kuifanya mashine ifike mahali pa kazi na iwe tayari kufanya kazi, kwa hiyo zinaongezwa kwenye mashine, hazipelekwi kwenye matumizi. Zile 250,000 ni gharama za kuanzisha, zinaingia kwenye matumizi ya kipindi cha kwanza. Ingizo la 1 linakuwa:

Debiti Benki 14,150,000
Debiti Mashine 600,000
Debiti Gharama za uanzishaji 250,000
Krediti Mtaji wa A 15,000,000

Mashine sasa zinasomeka 9,100,000, lakini mtaji wa B haubadiliki. Hiyo 600,000 ni mchango wa A uliokwenda kwenye mashine zilizoletwa na B, na ni vizuri wote wawili waone hivyo kwenye leja. Na kama A asingekuwa na risiti, ungeandika 14,150,000 tu, na baki ungeiacha kama ahadi kwenye hati. Ahadi ya fedha si mtaji mpaka fedha ifike.

Kiwanja: hapana, isipokuwa B anataka kweli kukitoa. Kuruhusu banda likae kwenye kiwanja chake ni kutoa matumizi, si kutoa mali. Akitaka kiwe mali ya ubia, umiliki uhamishwe kwa maandishi na kusajiliwa, kikadiriwe na mthamini aliyesajiliwa, na B aelewe kwamba kuanzia siku hiyo wadai wa ubia wanaweza kukifikia na kupanda kwa bei yake ni kwa watatu. Wengi wakielezwa hivyo hubadili mawazo. Njia ya kawaida ni mkataba wa pango: ubia unamlipa B kodi ya mwezi. Fedha ikiwa haijapatikana, unadebiti Pango na kukrediti akaunti ya miamala ya B, si mtaji wake.

Hilo linanikumbusha. Mfungulie kila mbia akaunti mbili. Akaunti ya mtaji ibaki na mchango wa kuanzia tu, isiguswe isipokuwa kwa makubaliano ya maandishi. Akaunti ya miamala ibebe mgao wa faida, pango la B, posho, na fedha ambazo mbia amejichukulia. Ukichanganya vyote kwenye akaunti moja, baada ya miaka miwili hakuna atakayejua nani alileta nini. Na kama hati inatoa riba juu ya mtaji, hutajua uikokotoe juu ya kiasi kipi.

Kwa anayetumia programu ya hesabu: nyingi zikiwekewa salio la kuanzia hujifungulia zenyewe akaunti ya salio la kufungulia upande wa mtaji. Ikaguliwe mwisho, lazima iwe sifuri. Kikibaki kitu humo, ujue kuna mchango haujapelekwa kwa mbia wake.

---

DadaUrari

Ngoja nishike hili la ufundi, maana ndilo linalovunja ubia nyingi zenye fundi mmoja na wenye pesa wawili.

Ufundi wa C ni kazi atakayoifanya kesho na keshokutwa. Siku ya 1 Julai ubia hauna kitu cha kuonyesha. Hakuna mali unayoweza kuidebiti ambayo ubia unaimiliki au kuiuza. Ukidebiti "ufundi 5,000,000" umetengeneza mali hewa, na mizania utakayopeleka benki kuombea mkopo itakuwa na shimo. Kwa hiyo kama ni mali, jibu ni hapana.

Ila madai ya C yana haki ndani yake, asipuuzwe. Kuna njia za kumlipa bila kuharibu leja.

Ya kwanza ni posho ya mwezi kabla ya kugawa faida. Mfano 500,000 kwa mwezi, iandikwe kwenye hati. Hii lazima iandikwe, kwa sababu hati ikinyamaza, sheria haimpi mbia mshahara kwa kufanya kazi ya ubia. Kwa Tanzania Bara vifungu vya ubia vimo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na msingi wake ni usawa pale wabia wasipokubaliana vingine. Kikodi, ubia wenyewe haulipi kodi ya mapato. Mapato yanagawanywa na kila mbia anatozwa kwa fungu lake, kwa hiyo posho hii ihesabiwe kama sehemu ya mgao wa C, msiichukulie kama mshahara wa mfanyakazi.

Ya pili ni kubadili uwiano wa faida. Badala ya theluthi kwa kila mtu, C apate 40 kwa mia na wenzake 30 kila mmoja. Mitaji inabaki kama ilivyoletwa.

Ya tatu ni kuhamisha mtaji, na hii ndiyo wengi huifanya bila kuielewa. A na B wanakubali kumkatia C sehemu ya mitaji yao ili wote watatu walingane. Jumla ni 36,700,000, kila mmoja anapaswa kusoma 12,233,333. Ingizo:

Debiti Mtaji wa A 2,766,667
Debiti Mtaji wa B 4,066,666
Krediti Mtaji wa C 6,833,333

Kihesabu iko sawa, hakuna mali hewa. Lakini A na B wametoa 6,833,333 leo kwa kazi ambayo haijafanywa. C akiondoka Septemba, mtaji wake ni 12,233,333 na ana haki ya kuudai, ilhali aliingia na gari la 5,400,000. Wakiipenda njia hii, wapange uhamisho kwa awamu, kwa mfano theluthi moja kila mwaka kwa miaka mitatu, na kila awamu iingizwe tarehe yake ikifika.

Mimi ningewashauri posho na uwiano wa faida. C analipwa kadiri anavyofanya kazi, mitaji inabaki na ukweli wake.

Na ile 600,000 ya mteja wa mwaka mzima, napendekeza isiingie kabisa. Mizania ameiweka kwenye wadaiwa na fungu, na kihesabu ni sahihi. Shida inakuja akilipa. Fungu likifutwa, 600,000 inakuwa faida ya ubia, kila mbia 200,000, wakati B hakupewa mtaji wowote kwa deni hilo. B abaki nalo, alidai mwenyewe. Akilipwa ni yake.

---

Mizania

Dada, hapo nakubali, ni safi zaidi. Tahadhari moja: mteja huyo akija kulipia karakanani na kuacha fedha kwa karani, isiingie kwenye mauzo. Debiti Benki, krediti akaunti ya miamala ya B.

Kwa lile deni la 1,800,000 nalo, hati iseme B analidhamini. Kwa mfano lisipolipwa ndani ya siku 90, linarudishwa kwake: debiti Mtaji wa B 1,800,000, krediti Wadaiwa 1,800,000, au B analeta fedha badala yake. Na mteja aandikiwe barua kwamba deni limehamia kwenye ubia, la sivyo ataendelea kumlipa B kwa simu yake na wewe utabaki na mdaiwa asiyedaiwa.

---

BandariSalama

Kutoka Mombasa: utaratibu wa maingizo ni huo huo. Sheria ndiyo tofauti, huku ni Sheria ya Ubia ya mwaka 2012, na ubia unahitaji PIN (namba ya mlipakodi) yake kutoka KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Kwa hivyo msinakili hati ya ubia ya nchi nyingine mkabadilisha majina tu. Kwa wanaofungua huku, swali la thamani ya mali lijibiwe kwa karatasi ile ile aliyoeleza KaratasiKwanza.

Swali langu kwa Mizania: uchakavu wa gari mnaanza na kiwango gani?

---

Mizania

@BandariSalama kwa vitabu, ni umri wa matumizi wanaoukadiria wabia. Kwa kodi ya Tanzania, gari la mizigo lenye uwezo chini ya tani 7 liko daraja la kwanza, 37.5% ya salio linalopungua, na mashine za uzalishaji ziko daraja la pili, 25%. Viwango hivyo ni vya hesabu ya kodi. Usivilete kwenye vitabu kama gari litatumika miaka sita. Weka jedwali mbili.

---

MwenyeLeja

Wabia wamesaini karatasi ya thamani leo. Deni la 600,000 limebaki kwa B. Ufundi hauingii kwenye mtaji: C atapata posho ya 500,000 kwa mwezi kabla ya mgao, faida inayobaki ni sawa kwa sawa. Kiwanja ni pango. Urari wa kufungulia umetoka hivi:

Debiti
Benki 14,150,000
Mashine 9,100,000
Stoki ya mbao 6,000,000
Wadaiwa 1,800,000
Gari 9,000,000
Gharama za uanzishaji 250,000
Jumla 40,300,000

Krediti
Mkopo wa gari 3,600,000
Mtaji wa A 15,000,000
Mtaji wa B 16,300,000
Mtaji wa C 5,400,000
Jumla 40,300,000

Kuna nilichosahau kabla sijaingiza miamala ya Julai?

---

DadaUrari

Urari uko sawa. Angalia rejesho la kwanza la gari tu, hapo ndipo wengi huharibu kazi nzuri ya kufungua. Usidebiti mkopo 345,000 yote. Umesema riba ni ya kiasi kimoja kila mwezi, basi 4,140,000 kutoa 3,600,000 ni riba ya 540,000, ambayo kwa miezi 12 ni 45,000 kila mwezi. Kila rejesho:

Debiti Mkopo wa gari 300,000
Debiti Riba ya mkopo 45,000
Krediti Benki 345,000

Rejesho la 12 likiisha, akaunti ya mkopo isome sifuri. Siku hiyo hiyo C afuate kadi kwa mkopeshaji na gari lihamishiwe kwenye TIN ya ubia. Liandike kwenye kalenda ya karakana sasa hivi.

---

KaratasiKwanza

Na kama tarehe ya rejesho ni katikati ya mwezi, uliza riba ya siku za Juni iko upande wa nani. Barua ya salio inaweza kuwa haikuihesabu. Hiyo ni ya C, ikilipwa na ubia iende debiti akaunti yake ya miamala.